Hongera Bila Ushindi: Fikira juu ya Mwisho wa Katuni Moja ya Kijapani

Mwalimu mwanafunzi anapoandika andalio la somo kwa mara ya kwanza, sehemu inayomtaabisha kuliko zote si utangulizi wala maarifa mapya, bali ni ile ya mwisho. Utangulizi huupata katika wimbo, katika kisa, au katika swali la somo lililopita. Maarifa mapya yamo kitabuni. Lakini afikapo mahali pa kuhitimisha, aghalabu huandika maneno mawili tu, "Kufunga somo", kisha huacha nafasi wazi, kana kwamba kengele ndiyo itakayomfanyia kazi hiyo. Nimekagua maandalio ya namna hiyo kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika pembeni kwa wino mwekundu: "Somo limeishaje?" Sina budi kukiri kwamba mimi mwenyewe sikuwa na jibu kamili la swali hilo. Nilianza kulipata mahali ambapo msomaji wa jarida hili hatapatarajia, yaani katika mwisho wa mfululizo wa filamu za katuni za Kijapani zihusuzo majitu ya vita. Namwomba msomaji asicheke kabla sijamaliza.

Katika likizo ya Desemba mwaka jana, binti yangu aliyekuwa Kidato cha Tatu alikuwa akitazama mfululizo huo usiku baada ya kazi za nyumbani. Niliketi karibu naye kwa nia ya kukagua tu, kama ilivyo wajibu wa mzazi kujua mwanawe anatazama nini. Usiku wa tatu mimi ndiye niliyemwita yeye. Tulizitazama sehemu zote 26.

Kisa chenyewe

Wajapani wana katuni nyingi za aina hii. Msingi wake ni chombo kikubwa chenye umbo la mtu, kirefu kama ghorofa, na ndani yake rubani, mara nyingi kijana, anayekiongoza vitani. Mazinger Z ya mwaka 1972 na Gundam ya mwaka 1979 ni mifano mashuhuri. Mtazamaji wa katuni hizi hujua atarajie nini mwishoni: pigano kubwa kupita yote, adui kuanguka, na mashujaa kurejea nyumbani.

Mfululizo ninaouzungumzia huitwa Neon Genesis Evangelion. Ulionyeshwa katika televisheni ya Japani kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi tarehe 27 Machi 1996. Mwongozaji wake, Hideaki Anno, alizaliwa mwaka 1960 katika mji wa Ube, na kabla ya kazi hii alikuwa amekaa miaka minne katika hali ya kuvunjika moyo asiweze kufanya lolote, kama alivyoeleza mwenyewe kwa maandishi. Jambo hilo linaonekana katika kazi yake.

Kisa kinawekwa katika mwaka 2015, miaka 15 baada ya maafa yaliyoangamiza nusu ya wanadamu. Viumbe wa ajabu, ambao humo wamepewa jina la Malaika ingawa hawafanani na malaika wa imani zetu, wanaushambulia mji mmoja baada ya mwingine kutokea. Majitu yaitwayo Eva ndiyo pekee yawezayo kupambana nao, na waongozao majitu hayo ni watoto wa miaka 14. Mmoja wao ni Shinji Ikari. Mama yake alitoweka katika jaribio la kisayansi alipokuwa mdogo; baba yake akamwacha alelewe na wengine. Siku moja baba anamwita. Mtoto anakwenda akidhani amekumbukwa, kumbe ameitwa kwa sababu anahitajiwa rubani. Anaambiwa waziwazi: kama hutaki kupanda, rudi ulikotoka.

Shinji anapanda. Katika sehemu ya 12, baada ya kazi ya hatari kubwa, baba anamsifu kwa maneno machache, na hiyo ni mara ya kwanza. Mtoto anatambua kwamba sifa ni tamu, na kwamba labda anapanda jitu lile ili ayasikie tena maneno ya namna hiyo.

Hapo niliacha kutazama kama mkaguzi, kwa kuwa nilimfahamu mtoto huyo. Nilimfundisha mimi.

Mwanafunzi wangu

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi, nilifundisha Hisabati Darasa la Sita, kisha nikapanda na wanafunzi wangu hadi Darasa la Saba. Alikuwamo mvulana aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kila siku. Kila swali gumu nililielekeza kwake. Mkaguzi alipofika, nilimwita yeye ubaoni. Mzazi alipokuja kulalamikia alama za mwanawe, nilimwonyesha madaftari ya mvulana huyo. Nilimsifu mno, na sikujua kwamba nilikuwa nikimsifu kwa jambo moja tu, yaani kupata. Siku ya mtihani wa majaribio ya Darasa la Saba alipata alama za chini sana. Nilimrudishia karatasi yake mbele ya wenzake, nikasema, "Hata wewe?"

Hayo ndiyo maneno yangu yote. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Leo ni fundi baiskeli karibu na soko la mji tuishimo. Kwa miaka mingi nilipopita hapo aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamjibu, "Marahaba," nikaenda zangu.

Sehemu mbili za mwisho

Katika sehemu ya 24 Shinji analazimika kumuua rafiki pekee aliyemwambia kwamba anampenda, kwa kuwa imebainika kuwa rafiki huyo ndiye adui wa mwisho. Baada ya hapo mtazamaji anangoja pigano kuu. Halitokei. Badala yake, sehemu ya 25 na ya 26 zinatuonyesha mtoto ameketi juu ya kiti katika ukumbi wenye giza, taa ikimmulika, naye anaulizwa maswali. Mengine anaulizwa na watu anaowafahamu, mengine yanaandikwa kwa herufi nyeupe juu ya giza. Kwa nini unapanda Eva? Unaogopa nini? Wewe ni nani? Anajibu kwamba anapanda kwa sababu watu wote wanamwambia apande, anaulizwa tena. Anajibu kwamba asipopanda hana thamani, anaulizwa tena.

Binti yangu aligeuka akaniuliza, "Baba, mbona wanaulizana tu? Vita iko wapi?"

Swali lake ndilo lililoulizwa na watazamaji wengi wa Japani mwaka 1996, na kwa hasira. Wengi walihisi wamedanganywa: siri za kisa hazikufumbuliwa, na majitu yenyewe hayakupigana. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Julai 1997, ikatolewa filamu ya sinema iitwayo The End of Evangelion, ambayo ilisimulia mwisho ule kwa vitendo, na ndani yake zilipitishwa kwa nukta chache baadhi ya barua za watazamaji waliokasirika.

Mimi sikukasirika. Nilikuwa nimeshikwa na jambo jingine. Maswali yale hayakuwa yakitafuta jibu sahihi ambalo muulizaji alikwisha kulijua. Sisi walimu tunauliza maswali mengi kwa siku, lakini mengi ni ya aina ile nyingine: mji mkuu ni upi, saba mara nane ni ngapi. Maswali hayo ni ya lazima, wala sishauri yaachwe. Hata hivyo, mtoto anayeulizwa hayo peke yake anajifunza kwamba mwalimu anamhitaji kwa ajili ya jibu. Akishakosa jibu, anadhani hahitajiwi tena.

Mstari mmoja wa penseli

Katika sehemu ya 26 limo jambo ambalo ningependa kila mwalimu mwanafunzi alione. Muda wa kazi ulikuwa umewabana watengenezaji, na katika sehemu hizi za mwisho wametumia picha zilizosimama, picha za kamera, na michoro ya penseli isiyotiwa rangi. Mahali pamoja skrini nzima ni nyeupe kama karatasi tupu, na Shinji amechorwa katikati kwa mistari michache. Anaambiwa kwamba hapo pana uhuru kamili. Hakuna kitu chochote cha kumzuia. Lakini anaelea tu, asijue la kufanya. Ndipo unachorwa mstari mmoja wa mlalo chini yake. Sasa kuna juu na chini. Uhuru wake umepungua, kwa maana hana budi kuwa juu ya ardhi. Lakini kwa kuwa ana ardhi, anasimama, na kwa kuwa amesimama, anaweza kutembea. Kisha anaelezwa kwamba akiwa peke yake hawezi kulijua hata umbo lake mwenyewe. Mtu hujitambua kwa kuona tofauti iliyopo kati yake na wengine, na mtu wa kwanza wa kulinganishwa naye ni mama.

Nimesoma vitabu vingi vinavyojadili uhuru wa mtoto na nidhamu ya darasa, lakini sijapata kuona suala hilo likielezwa kwa zana nafuu kiasi hicho. Fikiria somo la insha. Mwalimu mgeni, kwa nia njema, huwaambia watoto, "Andikeni juu ya jambo lolote mlipendalo." Nusu ya darasa hutafuna penseli hadi kengele inalia. Siku ya pili anawaambia, "Andikeni juu ya njia mnayopita kuja shuleni," na penseli zote zinatembea. Hakuwanyima uhuru, amewachorea mstari wa kusimama. Na walimu wanaonilalamikia kwamba shule walikopelekwa kwa mazoezi ya kufundisha hazina zana, nawakumbusha kwamba mafundi wale wa filamu, waliozoea kuchora miji ikiteketea, walipobanwa waliitumia penseli, karatasi na mstari mmoja, na somo likaeleweka.

Jambo la pili ni la mvua. Katika mazungumzo yale ya mwisho inasemwa kwamba siku ya mvua huonekana ya huzuni, na siku ya jua huonekana ya furaha, kwa sababu watu wamefundishwa hivyo. Na kwamba hata siku ya mvua yaweza kuwa na mambo ya kufurahisha. Nililipeleka jambo hili darasani kwangu chuoni, nikawaomba wanachuo waandike sentensi moja ianzayo na maneno "Mvua iliponyesha". Aliyekulia Dodoma, kwenye ukame, aliandika kwamba watu walitoka nje wakicheka. Aliyekulia bondeni Dar es Salaam aliandika juu ya godoro lililobebwa kichwani na maji yakiwa magotini. Hakuna kati yao aliyekosea. Lakini ni mara ngapi tumeandika ubaoni sentensi moja, tukawataka watoto 60 waione mvua kwa jicho moja?

Makofi

Kuelekea mwisho Shinji anaona maisha ambayo yangeweza kuwa yake. Mama yuko jikoni, baba anasoma gazeti, yeye mwenyewe anachelewa shule kama mtoto yeyote, na yule mwanamke ambaye katika kisa ni ofisa wake wa vita sasa ni mwalimu wake wa darasa. Hakuna jitu la chuma. Mtoto anatambua kwamba huyu asiyepanda Eva naye ni yeye. Kumbe kupanda si jina lake. Anasema kwamba anajichukia, lakini labda anaweza kujifunza kujipenda. Labda inafaa awepo mahali hapa. Papo hapo giza linapasuka kama kioo, anajikuta chini ya anga la buluu, na watu wote aliowafahamu wamemzunguka. Wanapiga makofi. Mmoja baada ya mwingine wanamwambia, "Hongera." Anatabasamu na kuwashukuru. Ndio mwisho.

Hongera ya nini? Hakushinda vita wala kupasi mtihani. Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya skrini. Binti yangu, ambaye nilidhani amesinzia, akasema, "Baba yake naye anapiga makofi. Lakini hajamwomba radhi."

Alikuwa na haki. Makofi ni rahisi kuliko radhi. Nadhani mtunzi mwenyewe alilijua deni hilo. Katika filamu ya mwaka 1997 Shinji anachagua kuurudia ulimwengu wenye watu wengine, ingawa anajua wataendelea kumuumiza, na hapo hakuna makofi wala tabasamu. Halafu Anno akakirudia kisa kizima katika filamu nne zilizotoka kuanzia mwaka 2007. Katika ya mwisho, iliyotolewa Machi 2021, mwana anakabiliana na baba, na safari hii ni mwana anayeuliza na kusikiliza, naye baba anaeleza upweke aliokuwa nao tangu utotoni. Kutoka kwenye makofi ya 1996 hadi kwenye mazungumzo hayo ilipita miaka 25.

Kwa fundi baiskeli

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni. Sikuwa na baiskeli ya kutengenezwa, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Aliniamkia kama kawaida, nikaketi juu ya kigogo wanapoketi wateja. Nilimwambia kwamba nilimkosea siku ile ya mtihani wa majaribio, niliposema mbele ya wenzake, "Hata wewe?", na kwamba nimekuja kumwomba radhi.

Alikuwa akinyoosha gurudumu. Alilizungusha, akalitazama likitikisika, akakaza spoki moja, akalizungusha tena. Kisha akasema, "Hilo silikumbuki, Mwalimu."

Nilidhani ni adabu tu. Lakini aliendelea: "Ninalolikumbuka ni kwamba tangu siku hiyo hukuniuliza swali tena, hata tukamaliza shule. Nilinyoosha mkono kama wiki mbili hivi. Halafu nikaacha."

Sikuwa nalijua jambo hilo. Kwa miaka yote nilijilaumu kwa maneno mawili niliyoyasema, kumbe jeraha lilikuwa katika maneno ambayo sikuyasema. Huenda nilimwacha kwa kumhurumia, ili nisimwaibishe tena. Huenda nilimwacha kwa kuwa alikuwa hanifai tena mbele ya wakaguzi. Sikumbuki, na kutokukumbuka huko ni sehemu ya kosa. Alinisamehe, au walau alisema amenisamehe. Kisha akaniuliza binti yangu yuko kidato cha ngapi na kama anaweza Hisabati. Nikamjibu. Tulizungumza mpaka mteja mwingine alipofika.

Ya kuzingatia darasani

Ndugu mwalimu mwanafunzi, sikushauri uwaonyeshe watoto wa Darasa la Tatu katuni hii. Ina mambo mazito yasiyo ya umri wao. Wala sikuambii kwamba makofi yanatosha. Mtoto anayepongezwa kila saa, kwa kupata na kwa kukosa, hutambua upesi kwamba pongezi hizo hazina kitu. Ninachokuomba ni kulitazama darasa lako wakati wa kufunga somo kwa jicho jingine.

Tumezoea kufunga somo kwa kuuliza maswali ya kupima, na wanaojibu ni walewale watano wa mbele. Somo linaisha vizuri, andalio linapata alama, na watoto 40 wanatoka nje bila kuulizwa chochote tangu asubuhi. Jaribu kubakiza dakika tano. Katika dakika hizo mwulize mtoto mmoja aliyekosa, siyo ili apate, bali ili akueleze alifikaje kwenye jibu lake. Msikilize hadi mwisho. Mara nyingi utakuta njia yake ina hatua tatu zilizo sawa na moja iliyopotoka, na darasa zima litajifunza zaidi katika hiyo moja kuliko katika majibu matano sahihi. Kesho yake mwulize tena, hasa kama jana alikosa vibaya. Ukimwacha kwa huruma, yeye hataiona huruma. Ataona kwamba amefutwa. Na ukigundua kwamba umemkosea, mwombe radhi ungali mwalimu wake, pale pale alipo dawati lake, usingoje mpaka awe na karakana.

Bado ninakagua maandalio ya somo, na sehemu ya kufunga bado huachwa wazi na wengi. Lakini pembeni siandiki tena swali lile la zamani. Sasa naandika: "Leo ni nani ambaye hakuulizwa?" Wanachuo wengine hunijia wakidhani nimekosea mahali pa kuandika. Nawaambia warudi katika shule yao ya mazoezi, wachukue daftari la mahudhurio, wayapitie majina taratibu, na wasirudi kwangu mpaka wamelipata jina hilo.